Ulisoma Mswada wa Fedha. Sasa soma hesabu za shule ya mtaa wako

Juni 2024 sote tulikuwa mawakili. Kumbuka vile ilikuwa. Mswada wa Fedha ulizunguka kwenye WhatsApp, watu wakautafsiri kwa lugha za mama zao, na kinyozi wa hapa Umoja alikuwa anakueleza ushuru wa mkate huku ukingoja zamu yako. Kifungu baada ya kifungu. Tarehe 25 tukaingia tao, na kila mtu anajua kilichofuata.

Sasa nijibu swali moja dogo tu. Mwenyekiti wa bodi ya shule ya msingi iliyo karibu na kwenu ni nani? Naongelea ile shule ambayo ukuta wake unaegemea ukingoja mathree asubuhi, ile uliyosomea labda, ile wadogo zako wanasomea sasa. Hujui. Usione haya, hata mimi sikujua.

Nilikuja kujua kwa bahati. Mamangu huamkia Gikomba saa kumi za usiku, kwa hivyo mikutano ya wazazi ya mdogo wangu aliye Gredi ya 7 ni yangu. Sitataja shule, maana mtoto bado yuko pale. Siku hiyo mwalimu mkuu alisimama akasema kila mzazi atatoa shilingi 1,500 muhula huo, pesa za walimu wa BOM na motisha. "Bodi imeshapitisha," akasema. Watu wakapiga makofi kama kawaida, wengine tayari wakitazama saa. Ndipo mama mmoja anayeuza mboga pale stejini akainua mkono.

"Samahani mwalimu, hiyo bodi ni akina nani?"

Kimya. Kisha watu watano wakasimama, mmoja baada ya mwingine, kama watoto waliochelewa. Mama wa mboga akamtazama wa tatu, akacheka. "Kumbe wewe? Landilodi wangu?" Alikuwa amemlipa kodi miaka minne na hakujua kwamba yeye ndiye anayeamua mtoto wake atafukuzwa au hatafukuzwa kwa sababu ya 1,500.

Nilirudi nyumbani nikafanya kile tulichofanya 2024. Nikasoma sheria.

Inaitwa Sheria ya Elimu ya Msingi, nambari 14 ya 2013. Kabla yake shule za msingi za Nairobi zilikuwa chini ya idara ya elimu ya City Council, na kila shule ilikuwa na kamati yake. Ugatuzi ulipokuja, kaunti ikabaki na chekechea, na shule za msingi na sekondari zikaenda kwa serikali ya kitaifa. Mahali pa kamati pakaingia Bodi ya Usimamizi, ambayo kila mtu anaiita BOM. Kifungu cha 56 kinasema nani anakaa pale: watu sita wa kuwakilisha wazazi, mmoja kutoka kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, mwalimu mmoja aliyechaguliwa na wenzake, watatu wa mfadhili wa shule (kwetu Eastlands mara nyingi mfadhili ni kanisa), mmoja wa makundi yenye maslahi maalumu katika jamii, mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu, na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Bodi yenyewe inaweza kuongeza watu wengine hadi watatu. Mwalimu mkuu ndiye katibu.

Hesabu tena hiyo orodha. Hakuna mahali panaposema lazima uwe na mvi. Na neno "mzazi" katika sheria hiyo halimaanishi aliyezaa peke yake. Mlezi yumo, na yeyote anayewajibika kisheria kumtunza mtoto yumo. Eastlands imejaa vijana wa miaka ishirini na nne wanaolea wadogo zao, wanaolipa nguo za shule kwa pesa ya boda na ya mjengo, lakini siku ya kuchagua wawakilishi wa wazazi wanakaa nyuma kabisa wakiwa kwa simu, wakidhani ni mambo ya watu wazima. Buda, mtu mzima ni wewe.

Najua utaniambia bodi hizo ni za watu waliosoma. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo swali hilo nimelibeba sana. Jibu langu ni kwamba kazi yenyewe, ile ngumu, ni kujumlisha na kutoa. Kazi nyingine ni kukubali kuonekana mjinga kwa kuuliza swali ambalo wengine wote wanajifanya wanalijua.

Hebu tujumlishe basi. Serikali, kwenye karatasi, hutoa shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Igawanye kwa siku kama 190 za masomo. Ni shilingi saba na nusu kwa siku, chini ya bei ya mandazi moja. Hiyo ndiyo inanunua chaki, inalipa maji, stima, bawabu na karatasi za mtihani. Kwa mtoto wa Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, kiwango ni 15,042. Kwa mwanafunzi wa sekondari ni 22,244. Pesa zinafaa kuingia kwa awamu tatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu.

Zinafaa. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya Bunge kwamba serikali haina uwezo wa kulipa ile 22,244 yote, kwamba kinachopatikana ni kama 16,900. Nchi ikashika moto, viongozi wakakimbia kutoa ahadi, wengine wakasema hakuna kitakachobadilika. Lakini mwalimu mkuu yeyote angekwambia kwamba waziri alikuwa anasema kwa sauti kile ambacho akaunti za shule zilikuwa zinaonyesha tayari. Pesa huchelewa, na zikifika huwa zimepungua. Mwenye duka la mahindi na maharagwe anadai, na kampuni ya stima haijui neno "awamu".

Hapa ndipo bodi inapoingia, na hapa ndipo sikubaliani na watu wangu wa mtaani ambao wakisikia pesa ya shule wanadhani mwalimu mkuu anajenga Ruai. Wako wezi, ndiyo, na wengine wamefikishwa kortini. Lakini wengi ninaowaona wanazama tu. Shule ina Gredi ya 7, 8 na 9 zilizoletwa kuanzia Januari 2023, Tume ya Huduma za Walimu haijaleta walimu wa kutosha, kwa hivyo bodi inaajiri wake. Ndio hao walimu wa BOM. Wanalipwa na nani? Na wewe. Mwalimu wa hesabu anayemfundisha mdogo wako huenda analipwa na michango ya wazazi, na wazazi wakikosa kutoa, naye anakosa nauli.

Kwa hivyo ile 1,500 si lazima iwe wizi. Inaweza kuwa dawa ya ugonjwa halisi. Shida ni jinsi inavyoitishwa. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo hiyo kinasema shule ya umma haitozi karo ya masomo. Ada nyingine zinaweza kuwekwa kwa idhini ya waziri akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na hata zikiwekwa, hakuna mtoto atakayezuiwa kuingia darasani kwa kukosa kulipa. Hiyo sentensi ya mwisho isome mara mbili. Kifungu cha 37 nacho kinakataza tuisheni ya likizo. Je, mjumbe wa bodi aliyepiga muhuri pale mezani alijua hayo? Nilipomuuliza mmoja, mzee mzuri tu, mstaafu, aliniambia, "Kijana wangu, sisi tukifika tunapewa karatasi, tunapewa chai, tunatia sahihi."

Simcheki. Karatasi yenyewe anapewa mkutano ukiwa umeanza. Kumbukumbu za mkutano uliopita ameziandika katibu, ambaye ni mwalimu mkuu, ambaye ndiye anayeomba pesa, na ndiye anayejua kila kitu. Watu wengine wote mezani wanajua nusu. Mwenyekiti mara nyingi ni mtu wa mfadhili au rafiki wa MCA. Ukiwa mwanachama mpya na umeuliza swali, unaambiwa "tusipoteze wakati, wazazi wanangoja". Ndivyo bodi nzima inavyogeuka kuwa muhuri bila mtu yeyote kuwa mbaya hasa.

Kwa hivyo ukiingia, na nataka uingie, jambo la kwanza ni kudai karatasi siku kadhaa kabla ya mkutano. Ni kitu kidogo lakini kinabadilisha kila kitu. Taarifa ya benki iwe pale, si muhtasari wa taarifa ya benki. Shule za msingi zimekuwa na akaunti mbili tangu elimu ya bure ilipoanza 2003, moja ya vifaa vya kufundishia inayoitwa SIMBA na nyingine ya matumizi ya jumla, na Sekondari Msingi ina zake. Uliza kila moja ina ngapi leo, na shule inadaiwa na nani. Hilo la madeni husahaulika. Bodi inapitisha rangi mpya ya lango wakati mwenye maharagwe anadai miezi sita.

Kisha fanya hesabu ya watoto. Naisisitiza hii kwa sababu pesa hufuata vichwa. Shule yenye watoto 400 wa Sekondari Msingi inafaa kupata zaidi ya shilingi milioni sita kwa mwaka. Ukisikia vichwa vilivyoandikishwa kwenye mtandao wa wizara ni 400 na ukipita madarasani asubuhi ukihesabu 340, una swali halali. Na kinyume chake pia hutokea: watoto wapo darasani lakini mfumo hauwatambui kwa sababu hawana cheti cha kuzaliwa. Huku kwetu hao ni wengi. Mjumbe wa bodi anayetumia Jumamosi moja kuwasaidia wazazi kumi kufuatilia vyeti amewaletea watoto wale pesa kuliko harambee yoyote.

Usijifanye bosi wa walimu, tafadhali. Mwalimu wa TSC huajiriwa na kuadhibiwa na TSC. Kazi yako ni kuishauri Bodi ya Elimu ya Kaunti kwamba shule ina upungufu wa walimu, kwa maandishi, na kuendelea kuandika. Wajumbe wengine wakipata kile kiti wanaanza kuingia madarasani kukagua madaftari, mwalimu anakasirika, na mwaka unaisha kwa vita vya bure. Kifungu cha 59 kina orodha ndefu ya kazi za bodi: majengo, nidhamu ya wanafunzi, ushauri nasaha, wafanyakazi wasio walimu, kupokea pesa na kuzitolea hesabu. Hiyo inatosha kukuchosha.

Na ardhi. Wacha nikae hapa kidogo.

Januari 19, 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Langata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa kuchezea umezungushwa ukuta. Waliandamana pamoja na wanaharakati, wakausukuma ule ukuta ukaanguka, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto wa sare. Picha zilizunguka dunia nzima. Baadaye serikali ikaagiza shule za umma zipewe hatimiliki. Mtu hukumbuka gesi na picha, lakini mimi huwaza kuhusu miezi iliyotangulia. Kuna karatasi zilizopita mahali. Kuna mtu alipima kiwanja mchana watu wakiona.

Eastlands ndiyo hatari zaidi. Dandora ilipangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja kama 6,000, kila kimoja familia yake na labda wapangaji wachache. Umoja One nayo ilijengwa miaka hiyo hiyo kwa msaada wa Wamarekani, nyumba za chini zenye uwanja mdogo. Angalia sasa. Pale palipokuwa na nyumba moja pana ghorofa la sakafu saba, na ni wangapi wanaishi mle ndani hata mwenyewe hajui. Shule je? Uwanja ule ule, labda mdogo zaidi, maana kona moja imekuwa kanisa la mabati na nyingine maegesho. Mei 2025 Rais alikabidhi nyumba za kwanza za mradi wa Mukuru, mradi ambao ukikamilika utakuwa na nyumba zaidi ya 13,000. Ni jambo zuri. Lakini piga hesabu ya watoto wawili kwa kila nyumba, halafu niambie watasomea wapi. Swali kama hilo lilipaswa kutoka kwenye bodi za shule za jirani, kwa barua, kabla ya msingi kuchimbwa.

Kwa hivyo mkutano wako wa kwanza, uliza hatimiliki iko wapi. Usiulize kama ipo. Uliza iko wapi, na kama mipaka imewekewa alama. Utashangaa ni bodi ngapi haziwezi kukujibu.

Kuna mambo madogo pia, yasiyo na kelele. Tangu 2023 kaunti ina mpango wa Dishi na County: mtoto analipa shilingi tano, anagusisha bangili yake kwenye mashine, anapata chakula cha mchana. Mpango mzuri, nausifu hata kama sipendi siasa zake. Lakini shilingi tano kwa siku ni 25 kwa wiki, na mwenye watoto wanne ni mia moja. Wapo wanaokaa nje ya foleni, wanajifanya hawana njaa. Mwalimu mwenye watoto 80 darasani hawezi kuwaona wote. Mjumbe wa bodi anaweza kusimama pale saa saba mchana, siku moja tu kwa mwezi, akaangalia nani hayuko kwenye foleni. Hakuna ripoti itakayokwambia hilo.

Usitarajie mshahara. Ukibahatika kuna nauli na chai. Utakosa Jumamosi zako, na kuna siku utaitwa msaliti na wazazi na mchochezi na walimu kwa wakati mmoja. Wengi huacha mwaka wa kwanza. Wengine huzoea chai.

Na kama hutaki kiti, au hukuchaguliwa, bado una mkono. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia yeyote kuandika barua kwa taasisi ya umma kuomba habari, na barua hiyo inaweza kuwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe inasema hivyo. Wana siku 21 kujibu. Wakinyamaza, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman. Haina malipo. Unaandika tu: naomba taarifa ya mapato na matumizi ya shule kwa mwaka uliopita, na kumbukumbu za mkutano wa bodi uliopitisha ada fulani. Unatia sahihi, unaweka nambari ya simu, unabaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Wala si mtindo wa juzi, watu wa kawaida kushika shule zao. Miaka ya 1930 wazee wa Kikuyu, wengi wao hawakuwa wamesoma, waligombana na wamisheni wakaanzisha shule huru, wakazijenga kwa michango na kuzisimamia kwa kamati zao. Mkoloni aliziogopa kiasi cha kuanza kuzifunga 1952 hali ya hatari ilipotangazwa. Nyanya yangu hakuwahi kuona shule ikisimamiwa na mtu mwenye digrii hadi alipokuwa na wajukuu.

Tuliandika ile barua, mimi na mama wa mboga na wazazi wengine sita. Mwalimu mkuu alikasirika siku ya kwanza. Siku ya tatu alinipigia simu, sauti imeshuka, akasema njoo tuongee. Alinionyesha deni la maji. Alinionyesha majina ya walimu watatu wa BOM ambao hawajalipwa miezi miwili. Nilimwonea huruma, kweli. Nikamwambia, "Sasa mwalimu, mbona haya hukutuambia pale mkutanoni?" Akasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Wiki iliyofuata ukurasa mmoja ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo pale langoni. Mapato, matumizi, madeni. Mdogo wangu darasani hafukuzwi tena asubuhi, ingawa jina lake bado liko kwenye orodha ya wanaodaiwa. Na chini kabisa ya ule ukurasa kuna mstari umeandikwa kwa kalamu: "Dharura", na mbele yake 184,000. Mama wa mboga aliusoma akiwa bado ameshika mfuko wa sukuma, kidole kikifuata kila tarakimu. Akaniuliza, "Dharura gani hii?"

Mkutano ni Ijumaa, saa tatu asubuhi. Ameniambia nimwekee kiti cha mbele.